Ramani ya skrini, sauti ya simu au njia ya kichwani: dereva wa tuktuk achague ipi?

Kijana anayeanza kuendesha tuktuk Mombasa hakawii kukutana na abiria wa kwanza wa kumtoa jasho. Amepandia Mwembe Tayari, ataka kupelekwa nyumba fulani Bombolulu ambayo dereva hajapata kuiona. Hapo ana mambo matatu ya kuchagua. Aweke simu kwenye holda mbele yake afuate ramani, au aizime skrini afuate sauti inayomwelekeza, au awe anaijua njia mwenyewe na simu ikae mfukoni. Wengi huamua kwa kuangalia bando limebaki kiasi gani, au hufuata walivyomwona mwenzao akifanya stejini. Mimi nina tuktuk zinazoendeshwa na vijana wa watu, na kabla sijamkabidhi mtu ufunguo huwa nataka tuzungumze kwanza jambo jingine: kila moja ya njia hizi yachukua nini katika macho yake, na yamwachia nini cha kutazamia barabara.

Kwa mwenye haraka, uamuzi wangu ni huu. Njia ya kichwani ndiyo bora kwa kazi ya kila siku, sauti ni msaidizi mzuri kwa safari ngeni, na skrini itumike tuktuk ikiwa imesimama. Lakini si kila dereva yuko katika hali moja, na sababu zenyewe zafaa kujulikana, kwa hivyo tuzichambue.

Kwanza jicho lenyewe

Nyoosha mkono mbele yako uinue kidole gumba. Upana wa ukucha huo, kwa umbali huo, ndio karibu sehemu yote ya dunia unayoiona kwa ukali kamili kwa wakati mmoja. Nyuma ya jicho kuna retina, na katikati ya retina kuna kidoa kidogo kiitwacho fovea, ambako chembe zinazotambua rangi na vitu vidogo zimebanana sana. Kidoa hicho huona digrii 2 hivi tu. Ukitoka hapo kwenda pembeni, ukali hushuka kwa kasi. Kazia macho neno moja la sentensi hii, usiyasogeze, kisha ujaribu kusoma mstari wa tatu chini yake. Utajua kuna maandishi, lakini hutayasoma.

Mbona basi twaona kana kwamba kila kitu kiko wazi? Kwa sababu jicho haliachi kuruka. Hurusha kile kidoa chake mara tatu hivi kwa sekunde, na ubongo hukusanya vipande hivyo na kukupa picha moja iliyotulia. Wakati wa kuruka, ubongo huififisha picha ili dunia isionekane ikiyumba. Simama mbele ya kioo, tazama jicho lako la kushoto, kisha la kulia, halafu rudi la kushoto. Hutayaona macho yako yakisogea hata mara moja. Mtu aliyesimama kando yako atayaona.

Kwa hivyo swali kubwa la ubongo, kila sehemu ya sekunde, ni: kidoa kiende wapi sasa? Kuna mivuto miwili. Mmoja hutoka kwa kazi unayoifanya. Mwaka 1999, Michael Land na wenzake nchini Uingereza waliwafuatilia watu macho walipokuwa wakitengeneza chai. Waliona kwamba macho hayakuwa yakizurura jikoni. Yalikwenda kwenye birika, kifuniko, kikombe, kila kimoja kwa zamu yake, na yalifika kama nusu sekunde kabla ya mkono. Land alikuwa ameshaona jambo la aina hiyo kwa madereva mwaka 1994, pamoja na David Lee. Dereva anayekaribia kona hutupa macho kwenye ukingo wa ndani wa kona, sekunde moja au mbili kabla ya kuiingia. Jicho hutangulia, mkono hufuata. Mvuto wa pili hutoka kwa vitu vyenyewe: taa inayomweka, kitu kinachochomoka pembeni. Huo hauombi ruhusa. Mtoto akitokea kati ya magari mawili yaliyoegeshwa, jicho laweza kuwa limeshamgeukia kabla hujajua umeona nini. Na mwangaza wa ujumbe ulioingia kwenye simu hulivuta jicho vivyo hivyo.

Lipo jambo moja zaidi, na kwangu mimi ndilo kiini cha mazungumzo yote. Picha inapotoka machoni hufika kisogoni, na kutoka hapo hugawika njia mbili kubwa. Moja hushuka kuelekea upande wa masikio na kazi yake ni kutambua: huyu ni nani, hiki ni kitu gani. Nyingine hupanda kuelekea utosini na kazi yake ni kuongoza mwili: mkono uende wapi, usukani ugeuke kiasi gani. Ushahidi mashuhuri ni wa mwanamke anayejulikana katika maandishi ya sayansi kwa herufi D.F., aliyeumia ubongo kwa hewa ya kaboni monoksidi mwaka 1988. Melvyn Goodale na David Milner walimwonyesha tundu refu kama la sanduku la barua. Hakuweza kusema limesimama wima au limelala. Walipompa kadi wakamwambia aitumbukize, mkono wake uliizungusha kadi kwa pembe iliyo sawa na ikapita. Mwili wake uliona kitu ambacho yeye mwenyewe hakuweza kukisema.

Sasa mweke dereva mzoefu kwenye barabara ya kwenda Kisauni, macho yake yakiwa kwenye simu. Tuktuk haiyumbi. Inabaki kwenye mstari wake kwa sababu kunyoosha usukani kwaweza kufanywa kwa kutumia pembe ya jicho. Heikki Summala na wenzake wa Ufini walilipima jambo hili miaka ya 1990: kadiri dereva anavyozoea ndivyo anavyoweza kushika mstari kwa macho ya pembeni, lakini uzoefu huo haukuwasaidia kugundua gari la mbele likikaribia. Hapo ndipo penye hatari. Usukani umenyooka, kwa hivyo dereva ana hakika anaona. Kumbe kinachoona ni ile sehemu ya kuongoza mikono tu. Ile ya kutambua kwamba matatu ya mbele imesimama ghafla kumchukua mtu iko kwenye simu.

Skrini mbele ya macho

Sifa yake nitaitaja kwanza. Hakuna kinachoonyesha umbo la makutano kama ramani. Mahali barabara zinapogawanyika mara mbili kwa karibu, kama unapotoka Changamwe na kuna ya kushuka na ya kupita juu, mtazamo mmoja wa picha hukueleza kitu ambacho sentensi tatu zingekichafua. Kwa mgeni wa mji hilo si jambo dogo. Tena kazi za programu za usafiri zinataka skrini: ndimo anamotokea mteja, ndimo anamosubiri.

Lakini mtazamo mmoja wa skrini una gharama. Jicho latoka mbali lije karibu, lenzi yake ibadilike, kidoa kitafute alama ya bluu, ubongo ulinganishe picha na barabara, kisha safari yote irudi. Ukichukulia sekunde 2 tu, na tuktuk inakwenda kilomita 40 kwa saa, umesafiri mita 22, zaidi kidogo ya urefu wa matatu nne zilizopangwa moja nyuma ya nyingine. Mita hizo zote umeziendesha kwa pembe ya jicho.

Gharama hiyo hupanda na umri. Lenzi ya jicho huwa ngumu kidogokidogo kadiri miaka inavyokwenda, na baada ya miaka 40 hivi haikunjuki upesi kutoka mbali kuja karibu. Dereva wa miaka hamsini ambaye ataka miwani ili asome gazeti hataiona ramani iliyo umbali wa mkono bila kukaza macho, na kukaza macho ni muda. Wazee wengi hawalisemi hili. Wanasema simu haina mwangaza wa kutosha.

Jua letu nalo halisaidii. Saa saba mchana skrini huwa kioo cha kutazamia shati lako. Usiku mambo hugeuka: chembe za jicho zinazoona gizani huchukua karibu nusu saa kuzoea giza kikamilifu, na skrini nyeupe iliyo usoni huzirudisha nyuma. Ukienda zako Mtwapa usiku, kwenye vipande visivyo na taa, mwendesha baiskeli asiye na taa ya nyuma ndiye atakayelipia mwangaza huo.

Na kuna mahali holda inapofungwa. Nimeona nyingi zimefungwa chini, karibu na goti, ili wezi wasiione simu. Naelewa hofu hiyo. Lakini simu ikiwa chini, barabara yote huenda pembezoni kabisa mwa jicho, na kila mtazamo huwa wa kuinama na kuinuka.

Sauti sikioni

Hii hukuachia macho, na hilo peke yake laipa nafasi kubwa. Njoo pale Kengeleni ukitoka daraja la Nyali, ukitaka kukata kulia. Sisi twaendesha kushoto, kwa hivyo kukata kulia ni kukatiza magari yanayokuja. Tazama kazi ya jicho hapo: yanayokuja mbele, bodaboda anayekupita kulia kwako bila honi, mkokoteni wenye magunia ya Kongowea unaovuka polepole, mama mwenye kikapu anayekutazama ili ajue umemwona, kisha ile njia yenyewe unayoiingia. Ni mitazamo mitano isiyopungua, na kila mmoja wataka kidoa. Sauti ikisema "geuka kulia" mapema, mitazamo yote mitano yabaki barabarani. Skrini ingeiba mmoja au miwili, na huwezi kuchagua ni upi ulioibwa.

Hata hivyo sauti si ya bure, na anayekwambia ni ya bure hajui ubongo unavyofanya kazi. Mwaka 2001, David Strayer na William Johnston wa Chuo Kikuu cha Utah waliwapa watu kazi ya mfano wa kuendesha huku wakizungumza kwa simu. Waliozungumza walikosa kuona taa za kuwasimamisha zaidi ya mara mbili kuliko walipokuwa kimya, na walioishika simu mkononi na waliozungumza bila kuishika walikuwa sawasawa. Kusikiliza redio hakukuwaathiri hivyo. Utafiti wao uliofuata ulionyesha kwamba aliyekuwa akizungumza mara nyingi alishindwa kukumbuka mabango ambayo jicho lake lilikuwa limeyatazama kabisa. Jicho lilifika, lakini umakini haukufika. Kutazama na kuona ni kazi mbili, na ya pili hufanywa na ubongo.

Kwa hivyo itenge sauti ya maelekezo na simu ya kupigiwa. Maelekezo mafupi, kwa maoni yangu, yako karibu na redio: yasikie, uyafuate, yameisha. Kubishana bei na mteja wa pili huku umembeba wa kwanza ni jambo jingine kabisa. Abiria aliye nyuma yako naye ana tofauti yake njema: anaiona barabara kama wewe, na akiona lori laingia hunyamaza mwenyewe. Aliye kwenye simu hajui.

Sauti ina udhaifu mwingine wa hapa kwetu. Hutaja majina ya barabara ambayo wakaazi wengi hawayatumii. Watu wa Mombasa hukuelekeza kwa msikiti, kwa sheli, kwa mwembe, kwa duka la fulani. Sauti ikikwambia "baada ya mita 200," wapaswa kukadiria mita 200, na macho huanza kuwinda kibao ambacho huenda hakipo. Uwindaji huo nao hutumia kidoa. Ukiingia karibu na Mji wa Kale, kuta ndefu zilizosongamana huyumbisha mawimbi ya setilaiti yanayoiambia simu iko wapi, na sauti yaweza kukuingiza kichochoro ambacho tuktuk haipiti.

Masikio mawili usiyazibe. Honi inayotoka kushoto huligeuza jicho kushoto hata kabla hujafikiri, maana ubongo huunganisha mlio na mahali ulipotoka. Ukiziba masikio yote kwa muziki na maelekezo, umelinyima jicho mlinzi wake. Kipokea sauti cha sikio moja chatosha, na bora zaidi ni simu itoe sauti yenyewe ikiwa mngurumo wa injini hauimezi.

Njia ya kichwani

Hii ndiyo ninayoipigania, na najua ndiyo inayochukua muda mrefu kuipata.

Eleanor Maguire na wenzake walitoa mwaka 2000 utafiti juu ya madereva wa teksi wa London, ambao hulazimika kujifunza maelfu ya mitaa kwa moyo kabla ya kupewa leseni. Sehemu ya nyuma ya hipokampasi, kiungo cha ubongo kinachoshughulika na kumbukumbu na mahali, ilikuwa kubwa kwao kuliko kwa watu wengine. Mwaka 2017 kundi jingine, likiwamo Hugo Spiers, liliwapa watu kazi ya kupita mitaa ya Soho, London, kwa video huku ubongo wao ukipimwa. Walipojitafutia njia wenyewe, hipokampasi iliamka kila walipoingia mtaa mpya, na zaidi mtaa ulipokuwa na machaguo mengi. Walipofuata maelekezo, haikuonyesha kuamka huko. Anayefuata mshale tu huifikia nyumba ya Bombolulu, na kesho atauhitaji mshale uleule.

Lakini kwa usalama faida kubwa ni ile ya macho kutangulia. Anayeijua njia hujua kabla ya kona kwamba hapa watoto hutoka madrasa saa fulani, hapa matatu husimama katikati ya barabara, hapa kuna shimo ambalo kila mtu hulikwepa kwa kuingia upande wako. Kidoa chake huenda mahali hapo mapema, kama kwa wale wa chai. Mgeni akifika hapo husubiri kitu kitokee ndipo jicho ligeuke. Kati ya hawa wawili kuna sekunde moja, wakati mwingine zaidi, na sekunde hiyo ndiyo breki.

Udhaifu wake nao nautaja bila kuuficha. Ubongo uliozoea hutazama kile unachotarajia. Daniel Simons na Christopher Chabris walionyesha mwaka 1999 kwamba watu walioambiwa wahesabu pasi za mpira kwenye video, karibu nusu yao hawakumwona mtu aliyevaa vazi la sokwe akipita katikati. Haikuwa kasoro ya macho. Kazi waliyopewa haikumhitaji. Dereva mzoefu anayetafuta mwanya kati ya magari huwa amejiandaa kuona matatu na malori. Bodaboda mwembamba anayekuja nyuma yake hupotea, na baadaye dereva huapa kwa Mungu kwamba alitazama. Mara nyingi anasema kweli: alitazama. Dawa yake ni kulitaja lile lisilotarajiwa: kabla ya kukata, jiulize "bodaboda yuko wapi?" Swali hilo hubadilisha kazi, na kazi ndiyo inayolituma jicho.

Kumbukumbu pia huchelewa kupata habari. Barabara ikifungwa kwa ujenzi, au ukitumwa upande wa Dongo Kundu ambako hujazoea, kichwa peke yake hakitoshi.

Basi nani achague nini

Anayeanza kazi leo na hajui mji: asome ramani akiwa stejini, kabla injini haijawaka. Aangalie umbo lote, ataje kwa mdomo alama tatu au nne za njiani, na amuulize abiria: "Mama, tukifika msikitini twashika upande gani?" Abiria wengi wa Mombasa hufurahi kuulizwa. Kisha skrini izimwe, sauti ibaki. Akipotea, asimame pembeni ndipo atazame. Kisheria pia, Kenya haimruhusu dereva kuchezea simu chombo kikiwa kwenye mwendo.

Anayetegemea programu za usafiri hawezi kuiacha skrini, kwa hivyo aipunguzie nguvu. Holda ifungwe juu, karibu na mstari wa barabara lakini isizibe kioo cha mbele, arifa zote zizimwe isipokuwa za kazi, usiku iwekwe rangi nyeusi. Ombi la mteja likitokea na saa yake inayohesabu kurudi nyuma, aliache lipite kama yuko kwenye makutano. Najua ni pesa inayopita. Bado namwambia aiache.

Aliyevuka miaka arobaini na mitano, skrini naiondoa kabisa kwake katika mwendo, na namsihi akapimwe macho. Ana hazina kubwa kichwani, na sauti yamtosha kwa mitaa mipya ya Bamburi na Mikindani.

Na mwenye uzoefu wa miaka, ambaye hahitaji ramani wala sauti, hatari yake si simu ya maelekezo bali simu ya kuongea. Kwake kushika mstari ni rahisi mno, na urahisi huo ndio unaomwambia kwamba ana nafasi ya kuzungumza. Huyo namtaka aweke simu kimya kati ya steji na steji, na akikata kulia Kengeleni amtafute yule bodaboda kwa macho mpaka ampate au ahakikishe hayupo.